Povu, Si Maji

Paa halikuvuja. Naomba nianze hapo kabla ujasiri haujanitoka, maana kwa karibu miaka thelathini nimeshikilia kwamba lilivuja: nimesema hivyo mbele ya shangazi yangu, mbele ya mwenye nyumba, na mara moja, harusini, baada ya glasi mbili za mvinyo, mbele ya padri ambaye hata hakuwa ameniuliza. Maji yaliyolowesha kochi la mahameli la Shangazi Yustina, pale Shanwe, mjini Mpanda, hayakutoka mbinguni. Yalitoka kwenye ndoo ya bluu, yakiwa ya moto na yamejaa sabuni ya unga, na aliyeyamimina ni mimi, binti niliyekuwa nimetoka tu kufanya mtihani wa kidato cha nne na nikiwa na uhakika kwamba nimefaulu kemia.

Nakiri sasa kwa sababu Mzee Luhende, aliyekuwa mwenye nyumba wetu, amefariki. Binamu yangu alinitumia ujumbe wa maneno matano, nami nikausoma nikiwa nimepiga magoti sebuleni kwangu, brashi mkononi, ninasafisha makochi kama ninavyofanya kila mwisho wa mwezi. Binti yangu huniambia kwamba siku hizi kuna vijana wanakuja nyumbani na mashine, wanavuta uchafu wote kwa saa moja, na kwamba mhadhiri wa chuo kikuu kutambaa sakafuni na bakuli la povu ni kuaibisha taaluma. Namjibu kwamba taaluma nilianza kuijulia hapo hapo sakafuni. Huwa anadhani natania. Basi nilibaki nimepiga magoti, nikimfikiria mzee wa watu, mwenye umri wa miaka sitini wakati ule na goti moja bovu, akipanda ngazi kwenye matope kwenda kutafuta tundu ambalo nililitoboa mimi kwa mdomo.

Mwaka ule wa katikati ya tisini nilikaa kwa shangazi nikisubiri matokeo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka thelathini na nane, hajaolewa, mwenye sauti ya kunyamazisha madarasa mawili kwa wakati mmoja. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na sebule ilikuwa ya makochi. Sisi tulikuwa tunapita tu. Aliyanunua kwa afisa mmoja wa serikali aliyehamishwa, ambaye naye aliyaleta kwa treni kutoka mbali: moja la watu watatu, moja la wawili, na moja la mtu mmoja, yote ya mahameli ya rangi ya damu ya mzee, na ndani yamejazwa sufi. Juu ya kila egemeo na kila mkono kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, kazi ya mikono yake mwenyewe, chenye nakshi ya nanasi. Kila Jumamosi tulivitoa vitambaa vyote kumi na viwili, tukavifua, tukavitia wanga wa uji mwepesi wa muhogo, tukavinyoosha kwa mikono hadi vikasimama kama karatasi. Wageni walikaa ukingoni kabisa wasije wakavitelezesha. Nilimwona mwalimu mkuu wake, mwanaume wa kilo tisini, akinywa chai nzima akiwa ameegemea hewa.

Kula tulikula uani, kwenye vigoda, karibu na jiko. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza. Sheria ya pili ilikuwa kwamba mlango wa sebule ufungwe, kwa sababu vumbi la Mpanda wakati wa kiangazi ni jekundu na lina bidii, na tope lake wakati wa mvua lina bidii zaidi.

Baada ya Mwaka Mpya nyumba ilianza kunong'ona. Bwana Method, karani wa stesheni, aliyefiwa na mkewe miaka minne nyuma, alikuwa anakuja kunywa chai kila Jumapili baada ya misa, anakaa ukingoni kama wengine, anazungumzia ratiba ya treni kwa namna ambayo hata mimi niliona kwamba si ratiba anayoizungumzia. Shida ilikuwa dada yake. Nilikuwa nachambua mchele uani nikamsikia jirani yetu akimwambia shangazi juu ya ukuta wa mabanzi: "Shoga, pale anayeoa ni dada mtu. Method anapeleka jina tu." Shangazi akauliza, "Kwani yukoje?" Jirani akasema, "Yule nesi wa mwaka juzi, dada mtu alimkataa kwa ajili ya mapazia. Aliingia, akashika pazia, akanusa vidole, akasema, 'Haya, tumeshukuru kwa soda.'" Nikasikia shangazi anacheka, halafu nikamsikia anaacha kucheka. Dada huyo, Gaudensia, alikuwa anakuja kutoka Tabora kwa treni baada ya wiki mbili, kuja kumwona mwalimu nyumbani kwake. Usiku ule shangazi alihesabu vitambaa mara mbili. Hakuniambia kitu, lakini mtu ambaye hajui alitakalo hahesabu vitambaa mara mbili.

Siku tatu baadaye nikavunja sheria ya kwanza. Shangazi alikuwa shuleni, mvua inapiga bati mpaka huwezi kusikia mawazo yako, uani hakukaliki, na redio ilikuwa sebuleni. Nikabeba sahani yangu ya ugali na dagaa wa Tanganyika waliopikwa kwa mawese, nikakaa katikati ya kochi la watu watatu, nikaegemea kwa mara ya kwanza tangu nifike, na nikasema moyoni kwamba hivi ndivyo nitakavyokaa nikiwa na shahada. Radi ikapiga. Sahani ikaruka. Mchuzi ukatua kwenye mto wa katikati, doa la upana wa kiganja, la rangi ya machungwa, likianza kutembea polepole kama lina anwani.

Hapa ndipo elimu yangu iliponisaidia vibaya. Kwetu, kitu kikichafuka kinaoshwa, na kikichafuka sana kinaoshwa sana. Nguo, sufuria, sakafu, mtoto: maji, sabuni, na nguvu za mkono. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna kitu duniani ambacho ukikiosha unakiua. Nikachemsha maji. Nikatia sabuni ya unga, nikaongeza, kwa sababu kwenye kemia nilijifunza kwamba sabuni hushika mafuta, ila sikumbuki kama nilifundishwa kiasi. Nikamimina. Nikachukua brashi ya sakafu, ile ya makuti, nikasugua mto, nikasugua na egemeo ili rangi ilingane. Sufi iliyomo ndani ikanywa ndoo nzima bila kusema asante. Mahameli yakalala kama manyoya ya paka aliyenyeshewa, yakabaki na michirizi myeupe ya sabuni, na rangi ya damu ya mzee ikachuruzika hadi kwenye vitambaa viwili nilivyokuwa nimevisahau pale pale. Vikawa vya waridi. Nilikaa sakafuni nikavitazama vitambaa vile, na nikasikia miguu ya shangazi inakung'utwa matope barazani.

Nilichofanya sikukipanga. Alipofungua mlango nilisimama, nikanyoosha kidole juu, nikasema, "Shangazi, paa limevuja."

Hatukuwa na dari. Unatazama juu unaona boriti na bati. Shangazi akatazama juu. Akanitazama mimi. Akatazama tena juu, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma ubaoni. Kisha akalisogelea kochi, akainama sana, uso wake karibu uguse mto, akakaa hivyo kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Niliamini analia. Aliponyanyuka macho yalikuwa makavu. Akasema, "Mvua mbaya hii," akavaa tena viatu vyake vya matope na kwenda kumwita Mzee Luhende.

Ugomvi wao ulisikika hadi barabarani. "Mwalimu, bati hizi nimeziezeka mwenyewe kwa mikono yangu!" alisema mzee, akiwa bado na mwavuli. Shangazi akamwambia, "Ndiyo maana." Mzee akasema, "Sasa hapo juu mimi sioni hata nyota." Shangazi akamjibu, "Mzee wangu, maji hutembea. Yanaingilia chumbani kwangu, yanafuata boriti, yanakuja kudondokea hapa. Anzia chumbani." Nilishangaa jinsi alivyoujenga uongo wangu vizuri kuliko nilivyoujenga mimi, lakini nikadhani ndivyo walimu walivyo, wanajua mambo ya maji. Asubuhi mzee akaja na ngazi, misumari na bati tatu mpya. Mimi nilitumwa dukani, kisha mashineni kusaga mahindi, kisha nikatumwa tena dukani. Niliporudi bati zilikuwa zimepigwa, mzee na shangazi wanakunywa chai uani, na hakuna aliyenitazama. Nilijiona mtu mbaya kuliko wote Shanwe. Naona nilizidisha, lakini si sana.

Mto haukukauka. Siku ya pili ulianza kunuka, harufu ya mbuzi aliyelala ndani ya maharage. Bado siku kumi Gaudensia afike.

Aliyetuokoa alikuja Alhamisi, kama alivyokuja kila Alhamisi. Mama Evelina aliishi Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, na alituletea maharage, unga wa muhogo na mawese. Alifika kwa lori alfajiri, akamaliza wateja wake, na kwetu alikuwa anapumzika kidogo kabla ya kurudi. Nakiri na hili: nilikuwa namwamkia kwa haraka na kumhesabu kama sehemu ya mzigo wake. Siku ile shangazi alikuwa shuleni. Mama Evelina akasimama mlangoni mwa sebule, akanusa, akaingia bila kuitwa. Akabonyeza mto kwa kidole gumba, akakitazama kidole, akakisugua na mwenzake, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mvua yenu ya hapa Shanwe inanyesha mawese?"

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie, akazunguka kochi analipapasa kama anayenunua ng'ombe. Halafu akasema, "Nyie mliosoma mnapenda maji sana. Kiti cha hivi hakiogi. Kinafutwa uso." Ndipo nikajua kwamba kabla ya kukimbia, akiwa msichana mdogo kuliko mimi, alifanya kazi kwenye nyumba moja Bujumbura yenye viti kumi na viwili vya mahameli, na mama mwenye nyumba alimfundisha kila kimoja kama watu wanavyofundisha katekisimu. "Viti vyote niliviacha safi," alisema. "Sijui nani alikuja kukaa." Akakunja mikono ya gauni lake. "Leta wembe."

Aliufumua mshono wa mto upande wa nyuma, nyuzi moja moja, akazihifadhi. Tukaitoa sufi yote, madonge mazito yaliyolowa, tukaitandaza kwenye mkeka chini ya chandarua ili isiruke, na kila jua lilipochungulia tulikuwa hapo, tunaichambua kwa vidole mpaka ikarudi kuwa nyepesi. Mama Evelina alilala kwetu usiku huo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na shangazi aliporudi aliambiwa tu, "Mwalimu, nimeona kochi lako limenyeshewa, nitamwelekeza mtoto." Shangazi akasema, "Mwelekeze haswa." Doa tulilifunika kwa unga mkavu wa muhogo, tukauacha unywe mafuta hadi asubuhi, tukaukung'uta, tukaweka mwingine. Mara tatu. Unga ulitoka wa rangi ya machungwa, kisha ya njano, kisha ukatoka mweupe kama ulivyoingia, na sijawahi kuona ukurasa wowote ulionifurahisha kama unga ule mweupe.

Aliporudi Alhamisi iliyofuata, ndipo sabuni. Alipiga maji kidogo ndani ya bakuli hadi povu likapanda, akachota povu peke yake kwa kitambaa, akasema neno ambalo nimelirudia maishani kuliko sala nyingi: "Povu, si maji." Unapaka povu kidogo, unafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka kikakataa kutoa tone, unasonga mbele, upana wa kiganja kwa kiganja, bila kurudi nyuma. Nikitaka kuharakisha, alinipiga vidole. "Unagombana nalo? Limekukosea nini?" Tukakausha kivulini, kwa sababu jua linakula rangi. Mwisho, nikashika mahameli juu ya mvuke wa sufuria, nikayasugua kwa brashi laini ya nguo, upande mmoja tu, na manyoya yale yaliyolala yakaanza kusimama mbele ya macho yangu, kidogo kidogo, kama watu wanaoamshwa kwa heshima. Kwenye makochi mengine alinionyesha kutoa vumbi: unatandika shuka lenye unyevu juu ya kochi, unapiga kwa fimbo, vumbi linapanda na kunaswa kwenye shuka. Tulipolifunua lilikuwa na picha nyekundu ya kila pigo. Shangazi, ambaye alijisifu kwa usafi wake wote ule, aliitazama picha ile akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe tulikuwa tunakalia barabara."

Vitambaa viwili vya waridi havikukubali kuwa vyeupe tena. Shangazi alivitazama kwa dakika moja, akaenda kununua rangi ya waridi ya kutilia ukindu, akavichovya vyote kumi na viwili.

Hata hivyo tusingewahi. Siku ambayo Gaudensia alipaswa kufika, sufi ilikuwa bado na ubichi katikati. Lakini mvua iliyokuwa ya uongo ndani ya nyumba ilikuwa ya kweli kwenye reli; maji yalipita juu ya njia, na treni ikakaa njiani siku tatu. Bwana Method alikuja kutupa taarifa akiwa amenyong'onyea kama aliyefiwa. Shangazi akampa pole kwa sura ya huzuni, akafunga mlango, akaniambia, "Washa jiko, tuchambue."

Gaudensia aliingia Jumanne alasiri, mwanamke mfupi wa kitenge cha bei, amechoka kwa safari na hana nia ya kuficha. Hakukaa. Alipitisha kiganja kwenye egemeo kinyume na manyoya, akatazama alama iliyobaki, akaipitisha tena kuirudisha. Akainua kitambaa kimoja akachungulia chini yake. Akabonyeza mto wa katikati, ule ule, akanusa vidole. Sebule nzima ilinusa naye. Bwana Method alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha Gaudensia akakaa, akaegemea kabisa, mgongo wote, akafumba macho akasema, "Aaah. Siku tano nimekalia ubao." Alipofumbua macho akamuuliza shangazi, "Nani anayatunza haya?"

Shangazi alikuwa na kila sababu ya kusema ni yeye. Yeye ndiye aliyekuwa anachunguzwa. Lakini alininyooshea mkono mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na sinia, akasema, "Huyu binti yangu. Fundi."

"Fundi nani?"

"Skolastika. Tunamwita Tika."

"Haya, fundi Tika," Gaudensia akasema, "na vitambaa vya waridi nimevipenda, siku zote nachoka kuona vyeupe. Nitaomba mchoro."

Walioana baada ya Pasaka. Kabla ya hapo jirani alikuja kuniita nikamtazamie kochi lake, kisha mwalimu mkuu, kisha mke wa daktari, na hadi nilipoitwa kidato cha tano nilikuwa nimepiga magoti kwenye nusu ya sebule za Mpanda, Mama Evelina akinikagua kila Alhamisi, akipitisha kiganja kinyume na manyoya na kusema "Ego," yaani ndiyo kwa Kirundi, au kutosema kitu, nami najua pa kurudia. Nimepewa vyeo kadhaa tangu wakati huo, kimoja na kofia ya ajabu. Hakuna hata kimoja nilichotunukiwa mbele ya mtu mkali kama Gaudensia. Kujivuna huko nimekuwa nako miaka yote, lakini chini yake kulikuwa na ngazi kwenye matope na goti bovu la mzee wa watu, na kila nilipotaka kujivuna hadi mwisho, ngazi ile ilitikisika.

Kwa hiyo jioni ile ya ujumbe nikampigia shangazi. Yuko bado Mpanda, mjane sasa, ana miaka karibu sabini na sauti ni ile ile. Nikampa pole ya Mzee Luhende, kisha nikasema yote bila kuvuta pumzi, sahani, dagaa, ndoo ya bluu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Tika, ulidhani siku ile nilipoinama nilikuwa nasali?"

"Nilidhani unalia."

"Nilikuwa nanusa. Kochi zima lilikuwa linanuka sabuni. Chumba changu kilikuwa kinavuja miaka miwili, nalala na beseni miguuni, nimemwandikia yule mzee barua tatu. Anasema mwalimu unaota. Wewe ukaja na uongo wako, nikaona huu unafaa."

"Kwa hiyo tulimdanganya."

"Ulimdanganya wewe, usiku mmoja tu. Alipopanda juu ya chumba changu alikuta matundu saba. Sebuleni hakukuta hata moja. Akashuka akaniambia, 'Mwalimu, makochi yamenyeshewa na mtoto.' Nikamwambia, 'Ndiyo, ila mimi nimenyeshewa na wewe.' Alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Ndiyo chai ile uliyotukuta tunakunywa. Akasema tusikwambie, umeogopa vya kutosha."

Nilikuwa bado sakafuni. Nilishindwa kujua kama nacheka au nini.

"Sasa sikiliza," akasema shangazi. "Ndugu zake wa Tabora wanafikia kwangu, wengi, na makochi hayajapigwa tangu kiangazi kianze. Unakuja kumzika mzee au huji?"

"Nakuja, shangazi."

"Njoo na brashi yako."